Kabla Injini Haijafika kwenye Mizani

Bloku ya injini ya Peugeot 404 ni chuma cha kumimina, na kichwa chake ni alumini. Kwa mnunuzi wa skrepu wa Kariobangi au Gikomba, habari hizo mbili zinatosha. Alumini ina bei nzuri kwa kilo, kwa hivyo kichwa hung'olewa kwanza na kutupwa kwenye rundo lake. Bloku hupigwa nyundo hadi ipasuke, vipande vikapakiwa kwenye mkokoteni na kusukumwa hadi kwenye mizani. Kwa mtu anayefufua 404 ya miaka ya 1960, injini hiyohiyo ni kitu anachoweza kukitafuta miaka mitatu asikipate. Hoja yangu ni kwamba injini asilia za magari ya kale hapa Nairobi haziishi kwa sababu ya uzee. Zinaisha kwa sababu mwenye mizani na mwenye gari hawajuani, ilhali mara nyingi kinachowatenganisha ni safari ya matatu moja tu kwenye Jogoo Road. Na wa kuwakutanisha yupo: ni fundi wa Eastlands, ambaye kichwani mwake mna kumbukumbu ya magari ambayo hakuna ofisi iliyoihifadhi.

Nachukua 404 kuwa mfano kwa sababu historia yake hapa kwetu inajulikana. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya sentimita za ujazo 1618 ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe ya chini. Afrika Mashariki ililipokea mapema. Katika Safari Rally ya 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966, wakarudia 1967. Mwaka 1968 yakafika tena magari saba, na Nowicki na Cliff wakashinda tena na 404. Mkulima, mwalimu mkuu na karani wa benki waliziona habari hizo wakafanya hesabu zao. Gari refu lenye safu tatu za viti likawa la abiria wa masafa marefu. Pikapu iliyofungwa mabenchi nyuma ikawa matatu, hasa baada ya Rais Jomo Kenyatta kuziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973. Wakati huohuo mtaa wa Buruburu ulikuwa unajengwa, awamu baada ya awamu, kwa ajili ya wafanyakazi wa tabaka la kati waliokuwa wakinunua nyumba na gari la kwanza katika muongo mmoja.

La muhimu zaidi kwa mtafutaji wa injini ni kwamba magari haya hayakuja tu kwa meli yakiwa yamekamilika. Yaliunganishwa hapa. Kenya iliendelea kuunganisha pikapu za 404 hadi 1991, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuliacha gari hilo. Mdogo wake, 504, aliyezinduliwa mwaka 1968, aliendelea kuunganishwa nchini hadi 2004, wakati Ulaya ilikuwa imesimamisha saluni yake tangu 1983. Maana yake ni kwamba injini hizi zilitapakaa nchini kwa zaidi ya miaka 40, na zilikuwa za ukoo mmoja. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1796, na ile ya 1971 iliyofuata, zilizaliwa kutokana na ile ya 404. Ukoo huohuo ukaingia hadi kwenye 505. Anayesema kwamba injini ya 404 ni kitu cha makumbusho ya Paris hajatazama nyuma ya gereji zilizo karibu naye.

Sasa, zilitokaje ndani ya magari? Soko la magari ya mtumba lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nazo injini za mtumba kutoka Japani zilianza kujaa Industrial Area na Kirinyaga Road, ambapo wengi bado hupaita Grogan, kwa jina la zamani la barabara hiyo. Mwenye pikapu iliyokuwa inakula oili alikuwa na njia mbili. Angeweza kufanya oveholi kamili, gari lilale gerejini wiki tatu, huku spea za Peugeot zikizidi kuadimika kila mwaka. Au angeweza kununua injini ya Toyota au Isuzu, fundi akachomelea vishikio vipya, akaunga giaboksi, na gari likarudi barabarani kabla ya Jumapili. Land Rover nyingi zilipita njia hiyo, na pikapu za Peugeot pia. Sioni haya kwa niaba ya mafundi hao. Pikapu ilikuwa ikilisha familia na kulipa karo, na fundi aliyeirudisha kazini alifanya kazi yake vizuri. Ila injini iliyotolewa ilibaki kwenye kona ya gereji, kabureta ikachukuliwa na huyu, alternata na yule, mvua ikaingia kupitia mashimo ya plagi, na siku ya kodi ya kibanda ilipofika ikauzwa kwa kilo.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na ni pingamizi la maana. Kama injini ya Toyota inafanya kazi vizuri, kwa nini mtu ahangaike? Isitoshe, je, hiyo Toyota si sehemu ya historia ya gari? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 mwongozo unaoitwa Mkataba wa Turin, na mkataba huo unakubali kwamba mabadiliko yaliyofanywa gari likiwa kazini ni sehemu ya maisha yake na yanastahili heshima. Nakubaliana na hilo. Pikapu ya 504 iliyobeba mboga kutoka Kinangop hadi Wakulima Market kwa miaka 20 ikiwa na injini ya dizeli ya Kijapani haina sababu ya kuonewa aibu, na mimi ningeiacha jinsi ilivyo. Lakini mtu akisema anafufua 404, akapaka rangi ya kiwandani, akashona viti kwa kitambaa cha zamani, kisha akaacha chini ya boneti injini iliyotiwa mwaka 2009, amefanya kazi nusu. Ule mlio mzito kidogo wa injini iliyolala, namna inavyovuta kutoka chini bila kubadilisha gia, feni yake inayoshikwa na kuachiwa na sumaku kulingana na joto la maji: hayo ndiyo yaliyoifanya 404 kuwa 404 kwenye mlima wa kwenda Limuru au kwenye matope ya safari za mvua. Bodi bila hayo ni picha ya gari.

Basi neno asilia tulielewe vipi? Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huthamini sana gari ambalo namba ya injini yake inalingana na ile ya kiwandani. Kipimo hicho kina mantiki kwa gari la nadra lililotengenezwa kwa mamia. Kwa 404, ambayo ilitengenezwa karibu milioni 2.9 duniani, naona ni kipimo cha kutuumiza bure. Bloku iliyotoka na gari lako ikiwepo, hiyo ndiyo ya kwanza, na inafaa kuokolewa hata kama imechakaa vibaya. Isipokuwepo, bloku ya 1618 kutoka 404 nyingine iliyokufa ni ndugu halisi, na gari litakalofufuliwa nayo ni 404 kwa kila maana ninayoijali. Hiyo nayo ikikosekana, injini ya 504 ya 1796 huingia kwa marekebisho machache, na ni jambo lililofanywa na mafundi tangu magari hayo yakiwa mapya. Huyo ni binamu. Baada ya hapo hatuzungumzii tena injini asilia, na ni afadhali mwenye gari aseme hivyo waziwazi anapoliuza.

Si kila gari la kale lina ugumu huu. Corolla za miaka ya 1970 zilikuwa na injini za ukoo wa K, na Toyota iliendelea kutumia ukoo huo kwenye magari madogo ya mizigo na hata kwenye foklifti kwa miaka mingi, kwa hivyo spea zake hazijakauka. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitengenezwa Mexico hadi 2003. Datsun 1200 ilikuwa na ndugu zake wakitengenezwa Afrika Kusini hadi 2008. Kwa wenye magari hayo, utafutaji ni wa wiki. Kwa wenye Peugeot, na kwa wenye magari ya Kiingereza ya kabla ya uhuru, ni wa miaka, na ni lazima ufanywe kwa mpango.

Mpango wa kwanza ambao watu huukimbilia ni duka la injini za kutoka Japani. Huko hakuna kitu. Wafanyabiashara hao huleta kinachobomolewa Japani kwa wingi, na soko lao ni magari yanayoingia Kenya chini ya sheria ya kutozidi miaka 8 tangu yasajiliwe. 404 haimo katika biashara hiyo hata kidogo. Mpango wa pili ni kuagiza Ulaya. Huu una faida yake, na ningeutumia, lakini kwa vitu vidogo tu: seti za gasketi, ringi za pistoni, slivu, vifaa vya kurekebishia pampu ya maji na kabureta. Vinaingia kwenye kifurushi kidogo. Bloku nzima, yenye uzito wake wa chuma, nauli yake na ushuru wake, inaweza kukugharimu zaidi ya gari ulilolinunua, na ukifungua kasha ukakuta imepasuka utamlalamikia nani? Chuma kizito kitafutwe hapahapa, kwa sababu kiko hapahapa.

Na hapa utafutaji unategemea namna ya kuuliza. Ukimwendea fundi mkongwe wa Shauri Moyo au Kaloleni ukamwambia, "Mzee, una injini ya 404?" atakujibu hana, na atakuwa anasema kweli. Swali linaloamsha kumbukumbu ni jingine: "Mzee, ni 404 zipi ulizozihudumia ambazo hujaziona tena barabarani?" Hapo ataanza kuhesabu. Ya mwalimu fulani wa Jericho aliyerudi kwao Murang'a nayo. Ya mwenye duka aliyefariki, na watoto wake hawakukubaliana juu ya mali. Ile ya kanisa. Fundi hukumbuka gari kwa ugonjwa wake, kama daktari anavyokumbuka mgonjwa: ile iliyokuwa ikichemka Mlolongo, ile iliyobadilishwa slivu mbili tu kwa sababu pesa hazikutosha. Kutokana na majina sita unaweza kupata magari mawili ambayo bado yako kwenye boma, chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Wa pili wa kuulizwa ni wenye karakana za kusaga kranki na kutia slivu, kwa maana kila injini iliyofanyiwa oveholi jijini ilipitia kwa watu kama wao, na baadhi ya wateja hawakurudi kuchukua vitu vyao. Wa tatu ni mnunuzi wa skrepu mwenyewe, na kwake huendi kununua siku hiyo. Unaenda kumwachia namba ya simu na picha ya injini unayoitaka, na ahadi ya bei.

Injini ikipatikana, kazi ya macho na vidole huanza. Kwanza fundi hutia spana kwenye nati ya mbele ya kranki na kujaribu kuizungusha. Isipozunguka si mwisho wa habari, kwa sababu ubora mkubwa wa injini hizi za Peugeot ni kwamba silinda zake ni slivu zinazotoka, zimekaa ndani ya maji ya kupoza. Pistoni iliyogandia kwa kutu inaweza kupigwa itoke pamoja na slivu yake, na seti mpya ikaingia bila kuiboa bloku. Ndiyo maana injini iliyolala miaka 15 bado ina matumaini, tofauti na nyingine nyingi za rika lake. Kinachoua ni kitu kingine. Chini ya kila slivu kuna mahali pa kukalia, na wenye magari waliotia maji ya mfereji peke yake, bila dawa ya kuzuia kutu, waliacha mahali hapo paliwe polepole. Fundi hupitisha kidole pale akitafuta mashimo madogo kama ya ndui. Slivu ikishakaa, mdomo wake lazima usimame juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote nne sawasawa, la sivyo gasketi ya kichwa haitazibana na maji yatakutana na oili. Kisha kichwa chenyewe huwekwa juu ya kioo au bamba lililonyooka kuona kama kimejipinda, maana gari lililochemshwa mara tatu hubaki na alama hiyo. Bloku yenye ufa kati ya njia za maji, au iliyolika sana chini ya slivu, hiyo ndiyo ya mizani. Nyingine yoyote inafaa mtu aipiganie.

Kuna wanaosema kwamba kuhimiza watu watafute injini za zamani Eastlands ni kuchochea wizi wa spea. Hofu hiyo ina msingi, kwani biashara ya spea jijini imebeba sifa hiyo kwa miaka mingi. Lakini ukiangalia kwa makini, 404 ni gari ambalo mwizi hana haja nalo: wateja ni wachache, na kila fundi mkongwe anajua gari lipi liko wapi. Hatari kubwa zaidi ni ya karatasi. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na injini ikibadilishwa mwenye gari anatakiwa kuijulisha mamlaka ya usafiri, NTSA, ili kumbukumbu zibadilishwe. Gari lililotiwa Toyota mwaka 1998 bila kuandikishwa bado lina namba ya Peugeot kwenye karatasi, na hilo linaweza kuwa baraka, kwa sababu bloku ya asili ikipatikana karatasi na chuma vinakutana tena. Kwa bloku ya gari jingine, usikubali kutoa pesa bila makubaliano ya mauzo yaliyotiwa sahihi, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na nakala ya logibuku ya gari lililotoa injini hiyo. Na ukikuta mahali pa namba pamepigwa tupa, ondoka, hata kama ni 1618 safi kuliko zote ulizoziona.

Pingamizi jingine ni la petroli. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005 pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, na watu wengi wanaamini kwamba injini za zamani haziwezi kuishi bila risasi hiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu. Kwa injini zenye kichwa cha chuma ambacho viti vyake vimechongwa ndani ya chuma hichohicho, kama ile ya Morris Minor, wasiwasi huo ni wa kweli, na dawa yake ni kutia viti vigumu. Kichwa cha 404 ni cha alumini, na alumini ni laini mno kuchongwa viti. Tangu kiwandani kilitiwa pete za chuma kigumu. Ama moshi na hewa ya jiji, hapo sina ubishi: gari linalofanya kazi kila siku na litiwe kitu safi zaidi, na kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilionyesha hapahapa Nairobi kwamba gari la safari linaweza kutolewa injini na kutiwa mota ya umeme. Gari la kale linaloendeshwa Jumapili mbili kwa mwezi na kupelekwa Ngong Racecourse mara moja kwa mwaka kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza 1970, halibadilishi hesabu ya hewa yetu.

Ninachokiogopa kwa kweli ni muda. Mitaa ya zamani ya Eastlands inabomolewa kupisha nyumba za ghorofa. Shauri Moyo na Makongeni tayari zimo katika mradi wa nyumba za bei nafuu, na nyumba ya chini yenye kiwanja kidogo ikivunjwa, gari lililokufa mlangoni haliwezi kuhamia ghorofa ya nane. Linauzwa wiki ileile, kwa yeyote mwenye mkokoteni. Mafundi waliojifunza kazi kwenye 404 wamezeeka. Mwezi Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya skrepu baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, na marufuku hiyo ilipoondolewa mwezi Mei, biashara ilirudi chini ya masharti ya leseni na kumbukumbu kwa mujibu wa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Ndani ya masharti hayo kuna mlango ambao wapenzi wa magari ya kale hawajaugonga. Mnunuzi wa skrepu anatakiwa kuandika anachonunua na kutoka kwa nani. Akiandika pia kwamba ni injini nzima, ya gari gani, na kuiweka kando siku 14 kabla ya kuivunja, hajapoteza kitu.

Kazi hiyo haihitaji wizara. Klabu ya wenye Peugeot za zamani, au hata watu watano wenye simu na mfuko mmoja, wanaweza kuelewana na wanunuzi wa Kariobangi, Gikomba na Dandora kwamba injini nzima ya ukoo wa 404 na 504 italipiwa kilo zake pamoja na kitu cha juu. Kitu hicho hakihitaji kuwa kikubwa. Kuvunja bloku kwa nyundo ni kazi ya jasho ya nusu siku, na mwenye mkokoteni akijua kuna anayelipa zaidi kwa bloku ambayo haijaguswa, ataisukuma ikiwa nzima.